Nilisema Nimeliona Shimo la Waya

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja. Sina mke, sina mtoto, na kazi niliyojifunza kwa miaka saba siruhusiwi tena kuigusa. Siku hizi nalinda lango la kiwanda cha mbao hapa Nakuru. Lori likija nafungua, lori likitoka nafunga. Basi.

Wasomaji wenzangu, msinihurumie upesi! Nisikilizeni kwanza mpaka mwisho, halafu mtaamua wenyewe kama nastahili huruma au kiboko.

Niiteni arap Koros, maana ndivyo nilivyoitwa kazini. Nilizaliwa katika shamba la Mzungu mmoja upande wa Njoro, ambako baba yangu alikuwa mkamuaji tangu kabla sijaota meno. Aliwajua ng'ombe wote kwa majina. Wengine aliwajua hata kwa tabia za mama zao, na alikuwa akiwasema ana kwa ana kama mtu anayesema jirani zake. "Wewe mchoyo kama mamako," ungemsikia anamwambia mtamba fulani, naye mtamba anaendelea kutafuna tu.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Samweli. Baba yake alikufa Samweli akiwa mdogo sana, hata sura yake hakuikumbuka. Nani aliyemlea? Baba yangu! Maziwa niliyokunywa mimi, Samweli aliyanywa. Siku yetu ya kutahiriwa ilipofika, baba yangu ndiye aliyegharimia sherehe yetu wote wawili. Tulisimama bega kwa bega, mbele ya kisu kimoja, na hakuna aliyepepesa jicho.

Sasa ni lazima niwaeleze jambo moja la kwetu, kwa sababu bila hilo mtaniona mjinga tu. (Mjinga nilikuwa, lakini si mjinga wa bure!) Kwetu, mliotahiriwa pamoja mmepita undugu wa tumbo moja. Rika lako, yaani uliyetahiriwa naye, usimshtaki mbele ya watu wa nje. Na neno lake hulipimi. Akikwambia amewafungia ng'ombe wako zizini, huendi kuwahesabu. Ukienda kuwahesabu umemwita mwongo, na tusi hilo wajukuu wenu watalisimulia.

Mimi na Samweli tulikuja Nakuru vijana, tukapata kazi kwa Bwana Harnam, Kalasinga aliyekuwa kontrakta wa stima. Alikuwa mtu mkali lakini mwenye haki. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekauka kwa stima, naye alituonyesha vidole hivyo kila mara tulipofanya mzaha.

Kila asubuhi kabla ya kupanda gari, Bwana Harnam alitupanga mstari na kutuuliza masharti kama watoto wa katekisimu.

"Swichi nakata waya gani?"

"Waya wa moto!"

"Fyuzi nakatika, wewe nafanya nini?"

"Natafuta ubaya kwanza! Siweki msumari!"

"Waya naungana wapi?"

"Ndani ya kisanduku, si ndani ya ukuta!"

"Na mwanzo ya kazi yote?"

"Ardhi!"

Ardhi... Hapo ndipo mkasa wangu ulipo. Bwana Harnam alitufundisha kwamba kila chuma kinachokaa karibu na stima, iwe ni mota au bomba, sharti kifungwe waya mnene wa shaba unaoshuka mpaka chini ardhini. Siku stima ikitoroka ndani ya mota ikashika chuma, itashuka kwa waya ule kwa nguvu, fyuzi itakatika mara moja, na hakuna atakayeumia. Lakini kama haina njia ya kushuka, itakaa pale pale kwenye chuma ikimngoja mtu aje aishike.

Nanyi mnaujua udongo wetu. Nakuru na Njoro yote ni vumbi jepesi lisiloshika maji. Masika linalowana, kiangazi linakuwa kama unga. Stima haipiti kwenye unga! Kwa hiyo sharti lilikuwa hivi: chimba shimo kupita kimo cha mtu, laza bamba la shaba chini kabisa, lizungushie makaa gunia zima na chumvi gunia zima, halafu ufukie. Na kila kiangazi umwagie maji.

Makaa, chumvi, shaba. Hebu fikirini! Ni kama mtu alikaa akatafuta vitu vitatu ambavyo kila boma letu linavitamani, akaamuru tuvizike. Makaa ya kuchemshia chai. Chumvi ya kulambisha ng'ombe. Shaba ya bangili za wasichana.

Bwana Harnam alilijua hilo, hakuwa mtoto. Ndiyo maana aliweka sharti lake mwenyewe: mmoja alaze, mwingine asimame aone. Yule aliyeona ndiye anayetia sahihi kwenye karatasi.

Ikawa mwaka ule nguzo za stima zimefika upande wa Njoro, na Mzungu wa shamba letu akataka banda jipya la kukamulia. Sakafu ya simiti, bomba refu la chuma la kufungia ng'ombe, pampu ya maji yenye mota, na taa ndani. Kazi akapewa Bwana Harnam. Naye akatutuma mimi na Samweli, kwa kuwa ni nyumbani kwetu.

Furaha niliyokuwa nayo! Baba yangu angekamua katika mwanga nilioufunga kwa mikono yangu. Tena katika shamba lile lile alikuwako Rebeka, binti wa nyapara, aliyepiga pasi nyumbani kwa memsahibu. Posa yangu ilikuwa imekubaliwa. Nilichongoja tu ni mavuno.

Siku ya shimo, Bwana Harnam alirudi mjini kuchukua swichi. Mimi na Samweli tulichimba asubuhi yote mpaka kichwa cha mchimbaji kikazama. Bamba la shaba lilikuwa pale kando. Gunia la makaa lilikuwa pale. Gunia la chumvi lilikuwa pale, ile chumvi ya mawe mawe.

Ndipo Samweli akaniambia, "Rika, nimemwona Rebeka anaelekea kisimani peke yake. Nenda kamsalimie. Hapa pamebaki kulaza na kufukia tu, kazi ya mtu mmoja."

Nikasita. Nikamwambia sharti ni watu wawili.

Akacheka. "Mimi si mtu? Au unaogopa nitakula chumvi ya Kalasinga?"

Nami nikacheka. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikaenda kisimani...

Nilikaa huko kwa muda mrefu. Mapenzi hayana saa. Niliporudi shimo lilikuwa limefukiwa, udongo umeshindiliwa ukalainika, na waya wa shaba umetokeza juu vizuri kama mche wa mahindi. Samweli alikuwa ananawa mikono. Nikamwuliza kama amemaliza.

"Nimemaliza, rika."

Wasomaji, niliyatazama yale magunia mawili matupu yaliyokunjwa. Nikautazama ule udongo. Kitu fulani ndani yangu kilisema: mwambie afukue uone. Neno lilinifika kooni! Lakini ningelisemaje? Mtu tuliyesimama naye mbele ya kisu, nimwambie afukue nimpime? Nikalimeza.

Wiki ile mvua za masika zilianza. Zilinyesha mpaka njia ya shambani ikawa mto. Mkaguzi alipokuja, Mzungu mwembamba mwenye kisanduku cha kupimia stima, tulimsukumia gari lake mara mbili kwenye matope. Aliunga nyaya zake, akazungusha mkono wa kile kisanduku, akautazama mshale. Akazungusha tena. Uso wake haukuridhika sana, lakini mshale haukuwa mbaya. Ungekuwaje mbaya, wakati udongo wote ulikuwa uji?

Akatutazama mimi na Samweli, tumesimama pamoja.

"Shimo nafika chini kabisa? Bamba iko? Makaa iko, chumvi iko?"

"Iko, bwana," nikasema.

"Nani naona?"

Samweli alikuwa anatazama miguu yake. Nami nikajibu kwa sauti ya kiume:

"Mimi, bwana. Nimeona kwa macho yangu."

Akanipa karatasi, nikatia sahihi. Maneno sita tu yale! Nimeyahesabu mara nyingi mno tangu siku ile.

Siku ya kuwasha, Mzungu wa shamba alimwita baba yangu abonyeze swichi, kwa kuwa ndiye mkamuaji wa siku nyingi kuliko wote. Baba alivua kofia kana kwamba anaingia kanisani. Akabonyeza. Banda zima likang'aa, ng'ombe wakashtuka, wanawake wakapiga vigelegele. Baba akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akatushika mimi na Samweli, akatutemea mate ya baraka vifuani, mmoja baada ya mwingine. Samweli alipokea baraka ile akiwa ameinamisha kichwa. Lo, moyo wa mtu ni kichaka!

Miezi ikapita. Mimi nikarudi kazini mjini. Mvua zikakatika, kiangazi kikaja kikali, na vumbi la Nakuru likaanza kuruka kama kawaida yake.

Jumapili moja nikaenda nyumbani. Baba akaniambia ng'ombe wamekuwa na kisirani. Wanakataa kuingia bandani. Wakiingia wanarusha mateke, na maziwa yamepungua. Nyapara alisema ni kelele za mota. Wengine walisema ni jicho baya. Kisha baba akasema jambo lililonikatisha pumzi. Alisema, huku anacheka, kwamba akilishika lile bomba la chuma mikono ikiwa na maji, linamng'ata vidole kama siafu.

Kama siafu! Fundi wa stima anahitaji kuambiwa nini zaidi?

Mngekuwa mimi mngefanyaje? Mngekimbia kuizima stima yote. Mngechukua jembe mkafukue. Mngemwamsha Bwana Harnam hata akiwa kwenye sala zake. Mimi sikufanya hata moja! Kwa nini? Kwa sababu ningefukua, ningemwaibisha rika langu. Na kama angekuwa amedanganya, sahihi ilikuwa yangu.

Nikamwendea Samweli. Nikamwuliza kwa kuzungukazunguka, kama ana hakika na lile shimo. Macho yake yakawa mekundu. "Unanipima? Wewe, unanipima mimi?" Akasema ni kiangazi tu, watu wa shamba hawamwagi maji, na atawaambia wenyewe wamwage. Akakaa siku mbili hanisemeshi. Siku ya tatu nikamwomba msamaha. Ndiyo, mimi ndiye niliyeomba msamaha!

Nilichofanya ni kumnunulia baba buti za mpira. Nikamwambia avae akiwa bandani, na asiguse chuma na mikono ya maji. Aliniuliza kwa nini. Nikasema ni sheria mpya ya kazi. Akazishukuru sana buti zile, akazitundika ukutani, akawa anazivaa kwenda kanisani. Bandani aliendelea kuingia miguu mitupu, kama alivyofanya maisha yake yote.

Siku aliyokufa nilikuwa mjini, juu ya ngazi, nafunga taa ya duka. Lori la maziwa likasimama chini yangu. Dereva hakuzima mota. Aliniita tu, "Arap Koros, teremka, twende." Njia nzima hakunitazama. Nilipomwuliza ni nani, alisema, "Utaona, ndugu yangu."

Niliona... Ng'ombe watatu walikuwa wamelala kwenye mstari wao, miguu imenyooka, shingo bado zimefungwa kwenye bomba. Karibu nao, juu ya sakafu iliyokuwa bado na maji, kulikuwa na mtu amefunikwa blanketi. Miguu ilitokeza. Mitupu. Niliijua miguu ile kuliko ninavyoijua yangu.

Walinisimulia. Wakati wa kukamua wa mchana, ng'ombe mmoja alilia akaanguka. Wenzake wawili wakafuata. Baba akadhani wamekabwa na minyororo. Angewaacha? Ng'ombe wake? Alikimbia akashika bomba kwa mkono mmoja na mnyororo kwa mwingine. Hakupiga hata kelele. Nyapara aliposhusha swichi kubwa, baba yangu alikuwa amekwisha kwenda.

Nikaitazama ile mota. Waya mmoja ndani yake ulikuwa umechubuka mpira kwa kutikisika, ukagusa chuma. Ni jambo dogo, hutokea. Lile shimo lingekuwa shimo, fyuzi ingekatika papo hapo na ng'ombe wangeendelea kutafuna.

Nikachukua jembe.

Watu walinishika, nikawasukuma. Walidhani nimerukwa na akili, nachimba kaburi kabla wazee hawajakubaliana mahali. Nilichimba nikiufuata ule waya wa shaba. Haukufika mbali! Urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko, ukaishia. Ulikuwa umekatwa kwa koleo, ncha yake imepindwa. Nikaendelea kuchimba. Nilichimba mpaka kifuani, mpaka kichwa kikazama, vumbi kavu likiniingia puani na machozi yakilifanya tope. Bamba halikuwako. Hapakuwa na kipande kimoja cha makaa. Hapakuwa na punje moja ya chumvi!

Samweli alikuja kwenye mazishi. Alilia kuliko mimi. Alisaidia kubeba maiti.

Sikumwambia neno. Nilijiambia: huyu ni mwanamume, tutafika mbele ya bwana hakimu naye atasimama mwenyewe aseme. Nilingoja. Siku ya kusikilizwa ikafika, karatasi ikasomwa, na hakimu akauliza ni nani aliyelaza waya wa ardhi. Nilimtazama Samweli. Alinitazama. Nikajisemea moyoni, sasa... sasa atasimama.

Akasimama kweli.

Akasema yeye siku ile alikuwa juu ya paa anafunga mabati. Akasema shimo lilikuwa kazi ya arap Koros peke yake. Akasema, kama hawaamini, watazame sahihi.

Enyi wasomaji! Mimi nililishika agano letu la rika nikanyamaza, na yeye akalitumia agano lile lile kunizibia mdomo! Alijua sitamshtaki mbele ya watu wa nje. Aliniuzia kimya changu mwenyewe!

Bwana Harnam aliinuka kitini, mzee wa watu, akaniuliza kwa sauti inayotetemeka, "Koros, wewe naona bamba nalala, ao wewe hapana ona?" Midomo yangu haikufunguka. Akakaa. Alivitazama vidole vyake viwili vilivyokauka, hakuniangalia tena.

Nikanyang'anywa cheti changu cha ufundi. Nikafungwa mwaka mmoja.

Mwezi wa tatu gerezani, askari akaniambia nina mgeni. Alikuwa Rebeka. Moyo uliruka! Nilidhani amekuja kuniambia atanisubiri. Lakini alikuja kuniaga. Baba yake alikuwa amekubali posa nyingine. Aliposema ni ya nani, sikushangaa. Mtu akishanyeshewa mpaka mfupani, tone moja zaidi halimwongezei kitu.

Hivyo ndivyo nilivyodhani, mpaka aliponyoosha mkono kunipa mkate alioniletea. Mikononi alikuwa na bangili. Bangili za shaba nyekundu, mpya, tatu kila mkono, waya mnene wa nyuzi saba uliosokotwa. Nimefunga waya ule miaka saba! Ningeutambua gizani.

Nikamwuliza alizipata lini. Akasema Samweli alimpa zamani, wakati wa masika, tulipokuwa tunamalizia lile banda. Nikamwuliza: wakati ule ulikuwa mchumba wa nani? Akainamisha kichwa. Alisema Samweli alimwambia ni mabaki ya kazi, na kwamba mimi najua. Nikamweleza shaba ile ilitakiwa kulala wapi. Alizitazama bangili muda mrefu, akavuta shuka lake juu ya mikono, akaondoka hajasema kwaheri. Baadaye nilisikia walioana, wakahamia upande wa Naivasha.

Basi nikala kifungo changu nikiwa na jina moja tu mdomoni. Samweli! Nililala nalo, nikaamka nalo. Aliniibia baba, aliniibia kazi, aliniibia mchumba, na aliyemfundisha kutembea ni baba yangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nami niliona wamesema kidogo mno.

Nilipotoka, mama hakuwa Njoro tena. Mkamuaji akifa, nyumba ya shamba hupewa mkamuaji mwingine. Alikuwa amekwenda kwa kaka yake Kuresoi, nami nikamfuata huko. Nilimkuta nje, kwenye baridi, anamenya viazi. Alinishika uso kwa mikono yenye udongo, akalia kidogo, halafu akaendelea kumenya.

Nikamsimulia yote. Kisima, shimo, mahakama, bangili. Nadhani nililitaja jina la Samweli mara hamsini. Mama hakunikatiza. Nilipolitaja gunia la chumvi, kisu chake kikasimama.

"Chumvi ya mawe mawe?"

"Ndiyo, mama."

Kisha akasema kwamba masika yale Samweli aliwaletea chumvi, akawajazia kibuyu kizima. Baba alimsifu sana. Alisema yatima yule hasahau mahali alipolelewa. Wakapikia chumvi ile miezi na miezi, na baba akaila mpaka siku alipokufa...

Nikasimama. Nikapiga kelele. Nilisema nakwenda Naivasha leo hii, kwa miguu, na rungu mkononi, na gereza ni nyumba yangu nimeshaizoea! Mama akaniambia keti. Nikaketi. Akaniuliza polepole:

"Yule Mzungu wa kupima alipouliza ni nani ameona, nani alijibu?"

"Mimi, mama."

"Samweli alisema neno?"

"Hakusema."

Akachukua kiazi kingine. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Samweli ni mwizi, na Mungu anamwona. Lakini nikwambie kitu, mwanangu. Lile bomba lilipoanza kumng'ata baba yako, mimi nilimkataza kuingia bandani. Nilimwambia amwombe bwana kazi ya kuchunga ndama. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Pale ni salama. Mwanangu aliliona shimo kwa macho yake, nilimsikia akimwambia Mzungu.'"

Viazi vilivyobaki tulivimenya pamoja.

Sikwenda Naivasha. Ningemwambia nini Samweli? Kwamba aliniaminisha uongo, nami nikamwaminisha baba? Siku ile baba alikuwa amesimama wapi hata akanisikia, sijui. Pengine nyuma ya ng'ombe wake. Pengine alikuwa anatabasamu.

Wasomaji wenzangu, sasa stima inaingia mashuleni, makanisani, madukani, na kesho itaingia majumbani mwenu. Usalama wake uko chini ya udongo na ndani ya kuta, mahali ambapo macho hayafiki baada ya kazi kuisha. Kwa hiyo nawasihi, ninyi mafundi, na ninyi wenye nyumba: tazameni kabla hapajafukiwa! Simama kwenye ukingo wa shimo uone bamba linalala, uone chumvi inamwagwa. Chuma kikikung'ata hata kidogo, zima yote, usingoje. Na kama umekuta pamefukiwa, sema fukua. Sema hata kama anayeshika jembe ni ndugu yako, au rika lako, au aliyekutoa motoni.

Atakasirika, najua. Mwache akasirike. Samweli alininunia siku mbili tu.